Haki ya Jirani Haiuziki

Mtu auzapo shamba lake, huwa ameuza nini? Swali hili, ambalo kwa sikio la haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la mawakili na madalali peke yao, kwa hakika ni swali la dini na la falsafa kabla ya kuwa la sheria. Na katika kata ya Moshono, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, chini ya miteremko ya Mlima Meru, limekuwa pia swali la kila siku, kwa sababu mahali pale, ambapo katika umri wa watu walio hai palikuwa kijiji cha migomba, mahindi na maboma ya ng'ombe, leo pamekuwa kiunga cha mji, chenye kuta za tofali, mageti ya chuma, vijiwe vya bodaboda na nyumba za kupanga. Mabadiliko hayo hayakuletwa na vita wala na amri ya mtawala. Yaliletwa na mikono iliyopeana fedha na karatasi, kiwanja baada ya kiwanja, mwaka baada ya mwaka.

Nataka kwanza kuondoa dhana moja. Simo miongoni mwa wanaowasuta waliouza. Wako wachache waliouza kwa ulevi au kwa tamaa, walakini wengi waliuza kwa dhiki yenye historia ndefu. Waarusha, watu wanenao Kimaa lakini washikao jembe, walianza kufyeka misitu ya miteremko ya Meru katika karne ya kumi na tisa, na vizazi vyao vikaizoea desturi ya kwamba kijana akitaka kuoa hutafuta pori jipya akalifungua kwa shoka lake. Ila Wajerumani walipojenga boma lao Arusha mwaka 1900, na Waingereza walipowafuatia, ardhi kubwa ya tambarare chini ya mlima iligawiwa walowezi kwa mashamba ya biashara na ya mifugo, na wenyeji wakabaki wamebanwa baina ya msitu wa hifadhi juu na ardhi ya wageni chini. Jirani zao Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akasikilizwa kwa heshima, asipate azimio la kuwarudishia ardhi yao. Ardhi isipopanuka na wana wakiongezeka, hesabu yake haihitaji mwalimu: shamba la babu hugawiwa wana wanne, fungu la kila mwana hugawiwa wana wake, hata mjukuu akarithi kipande ambacho mahindi yake hayamfikishi mwezi wa Februari. Mtu wa namna hii akijiwa na mtumishi wa serikali au mfanyabiashara wa mjini mwenye fedha taslimu, kiasi ambacho kipande kile kisingezaa katika maisha yake yote, kumlaumu kwa kuuza ni kumwongezea dhuluma juu ya dhuluma aliyorithi.

Wala simlaumu mnunuzi. Arusha ilihesabiwa watu 416,442 katika sensa ya mwaka 2012, ambao ndio mwaka iliotangazwa kuwa jiji, na sensa ya 2022 ikawakuta watu 617,631; na watu hao wote, Wachaga, Wapare, Wairaqw, Wanyaturu, Warangi, Wasomali na wengineo, hawana budi kulala mahali. Mwalimu aliyepanga chumba kimoja Kijenge kwa miaka, akabana matumizi, akaingia mchezo wa kupeana fedha na wenziwe hata akapata ya kununua kiwanja Moshono, ametenda jambo la murua. Niyasemayo hapa si juu ya kuuza wala juu ya kununua. Ni juu ya kile kilichodhaniwa kuwa kimo ndani ya mauzo ilhali hakikuwamo.

Tuitazame kwanza jamii yenyewe iliyobadilika. Moshono, iliyokuwa ikihesabiwa katika wilaya ya Arumeru kabla ya mipaka ya mji kusogezwa, ilikuwa na hadhi ya kijiji, na kijiji katika sheria za Tanzania si jina la mahali tu, bali ni nafsi: baraza lake, lenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, huweza kumiliki, kushitaki na kushitakiwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hulikataza baraza hilo kugawa ardhi pasipo ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wanakijiji wote watu wazima, mwanamume na mwanamke, tajiri na fukara, wameketi mahali pamoja. Siku mji unapokimeza kijiji, nafsi ile hufa. Mahali pake hukaa mtaa, wenye mwenyekiti anayechaguliwa na mikutano inayoitishwa, lakini hauna tena ardhi ya kuiamulia. Mambo ya ardhi hupanda ofisi za jiji, na mkutano uliokuwa na mamlaka hubaki kuwa mkutano wa kupashana habari za usalama, usafi na michango. Wengi hawakuiona siku hiyo ikipita, kwa kuwa haikuvunja nyumba ya mtu wala haikung'oa mgomba hata mmoja.

Kwingineko duniani wako waliolitatua jambo hili kwa njia nyingine. Nchini Uswisi, vijiji vingi vya wafugaji na wakulima wa mizabibu vilivyokuwa kando ya miji kama Basel na Bern vimegeuka kuwa viunga vya watu wanaokwenda kazini kwa treni asubuhi na kurudi jioni. Hata hivyo mahali pengi humo mna jumuiya mbili juu ya ardhi moja: jumuiya ya wakazi wote, inayotawala shule, barabara na kodi, na jumuiya ya wenye asili ya pale, ambayo bado inamiliki misitu na malisho ya zamani kwa ajili ya wote. Na Mswisi hata leo pasi yake ya kusafiria huandikwa mahali pa asili ya ukoo wake badala ya mahali alipozaliwa. Katika jumuiya nyingi ndogo raia huitwa mkutanoni wakapiga kura juu ya bajeti yao. Sisemi tuwaige, maana historia yao si yetu na mali yao si yetu. Nasema tu kwamba kijiji kukua hakulazimu mkutano wake kufa, na sisi tulipokiacha kijiji tuliuacha na mkutano, kisha tukashangaa kwa nini watu wa mahali pamoja hawajuani.

Basi ndipo zinapozuka kauli mbili, na kila moja ina wenyewe. Mnunuzi husema: nimelipa, nina karatasi, ndani ya mipaka yangu sidaiwi na mtu. Mwenyeji husema: sisi ndio wa asili, hawa ni wakuja, hawajui mila wala wazee. Kauli hizi hudhaniwa kuwa zinapingana, ilhali ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana zote mbili hudai kwamba haki hutoka nyuma, ya kwanza kutoka siku ya malipo, ya pili kutoka siku ya kuzaliwa kwa babu, na zote mbili hukataa kwamba iko haki inayozaliwa kila asubuhi kwa sababu tu ukuta wako na wangu umesimama mkabala.

Dini tulizo nazo hazikubaliani na kauli yoyote kati ya hizo. Katika Torati, kitabu cha Mambo ya Walawi, Waisraeli walikatazwa kuiuza ardhi moja kwa moja, kwa hoja kwamba ardhi ni ya Mungu nao ni wageni na wapitaji kwake; na Nabothi, aliyekataa kumwachia mfalme Ahabu shamba la mizabibu alilorithi kwa baba zake, aliuawa kwa kukataa kwake, na nabii Eliya akatumwa kumtangazia mfalme hukumu. Mwalimu Nyerere, alipoandika Mali ya Taifa mwaka 1958, alishikilia hoja iliyo karibu na hiyo, kwamba ardhi ni tunu ya Mungu kwa viumbe wake wote, na kwamba jasho la mtu humpa haki juu ya alichokifanya katika ardhi, lakini halimpi umiliki wa ardhi yenyewe. Sheria za nchi zimeifuata fikira hiyo hadi leo: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini. Ikiwa hivyo ndivyo, basi hata yule aliyemuuzia mwenziwe kiwanja hakuwa na mamlaka kamili juu ya udongo ule. Alikuwa na haki ya kuutumia, ikizungukwa na haki za wengine. Na asichokimiliki mtu hawezi kukiuza.

Hapa ndipo moyo wa maneno yangu ulipo. Mwenye shamba aweza kuuza migomba yake, mipaka yake, kivuli cha miti yake na jasho lake la miaka arobaini. Hawezi kuuza haki ya jirani yake kupita, kwa sababu haikuwa yake. Hawezi kuuza haki ya maji ya mvua kushuka kwa njia yaliyoizoea tangu zamani. Hawezi kuuza ridhaa ya mkewe, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeilinda juu ya nyumba ya ndoa, ingawa wako wanawake waliopata habari za mauzo siku walipoona tofali zikishushwa. Hawezi kuuza makaburi. Na kwa kuwa watu wengi wa mlima huu huzika nyumbani, katika shamba lao, na safu ya mimea ya masale mahali pengi huwa ndiyo alama ya mpaka, haya si maneno ya nadharia. Mnunuzi huyapata makaburi ya watu wasio wake ndani ya ukuta wake, na watoto wa marehemu huja kubisha hodi wapate kufagia kaburi la baba yao.

Nilipata kuhudhuria mazishi ya bibi mmoja katika kiunga cha namna hiyo. Bibi yule alikuwa amebakiziwa kipande cha mwisho cha shamba, nyuma kabisa, na mbele yake wanawe walikuwa wameuza viwanja kwa nyakati mbalimbali, na kila mnunuzi alikuwa amejenga hadi ukingoni mwa haki yake, hata njia ya kuendea nyumba ya bibi ikabaki kichochoro baina ya kuta mbili, chenye upana wa mtu mmoja na ndoo yake. Mtu mmoja na ndoo hupita. Watu sita na jeneza hawapiti. Wabebaji walijaribu kulibeba wawili mbele na wawili nyuma, likakwama penye kona. Wakajaribu kuliinamisha, wanawake wakapiga kelele wasimwinamishe mama yao. Mzee mmoja akasema livushwe juu ya ukuta, lakini juu ya ukuta palikuwa pamepandwa vipande vya chupa. Walisimama pale, jua la saa nane likiwawakia, wimbo ukiwa umekatika katikati. Aliyewaokoa hakuwa mwana wa ukoo wala mwenye kiwanja. Alikuwa mpangaji, kijana mgeni ambaye wengi hawakumjua jina, aliyefungua mlango wa uani wa nyumba aliyopanga, akaondoa mapipa ya maji na kamba ya nguo, akasema, "Karibuni, pitieni huku, wazee wangu," na bibi akapitishwa katika ua wa mtu asiyemjua kwenda kuzikwa katika ardhi iliyokuwa yake.

Sijaona hoja ya falsafa iliyonishinda nguvu kama mlango ule. Kijana yule hakuwa na asili pale, wala hakuwa na hati. Alikuwa na ujirani peke yake, na ujirani ukamtosha kujua la kutenda. Katika Injili ya Luka, mwanasheria alipomwuliza Yesu jirani yangu ni nani, alijibiwa kwa kisa cha Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, aliyesimama njiani pale ambapo kuhani na Mlawi walipita kando. Na katika mapokeo ya Kiislamu Mtume ameeleza jinsi Jibrili alivyozidi kumuusia juu ya jirani, hata akadhani kwamba atafanywa mrithi. Ukiyatafakari mafundisho haya mawili utaona kwamba hakuna hata moja linalouliza jirani alifika lini.

Wala si usia wa jumla tu. Wanazuoni wa fikihi walishuka hadi kwenye vipimo. Imepokewa kwa Abu Huraira kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia basi iachwe dhiraa saba, yaani mita tatu na zaidi kidogo; na kwake pia imepokewa kwamba mtu asimzuie jirani yake kupachika boriti katika ukuta wake. Iko pia haki ya shufaa, inayompa mshirika katika ardhi isiyogawanywa nafasi ya kuinunua kabla ya mgeni kwa bei ile ile. Madhehebu ya Hanafi yaliipanua hata ikamfikia jirani wa kando, na Washafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, waliifupisha kwa mshirika peke yake. Wanazuoni walihitilafiana juu ya kiasi, lakini hakuna aliyesema kwamba mauzo ni jambo la wawili tu. Naitazama dhiraa saba kwa mapenzi makubwa. Ngamia aliyebeba mzigo hupita, mkokoteni hupita, gari la wagonjwa na gari la zimamoto hupita, na jeneza hupita likiwa limenyooka.

Lakini wajibu huu una pande mbili, na upande wa pili wenyeji hawapendi kuusikia. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, jambo mojawapo alilotangulia kulitenda lilikuwa kuwafunga undugu wahamiaji wa Makka na wenyeji wa Madina, mtu na mtu, nyumba na nyumba, bila kungojea wageni wathibitishe asili yao. Mwenyeji wa Moshono aliyeuza viwanja vitano, kisha akaketi kijiweni kuwasimanga aliowauzia kwamba hawana adabu wala hawajui wazee, naye amevunja amana. Aliwaita. Alipokea fedha yao. Alipaswa kuwatembeza, kuwaonyesha maji hupita wapi masika yakishuka mwezi wa Aprili, nani mjane, nani mgonjwa, kaburi la nani liko wapi, na kuwaalika loshoro, chakula cha wenyeji, siku ya kwanza watakapohamia. Mgeni asiyeonyeshwa njia ya maji atajenga juu yake bila kujua, na nyumba ya jirani itafurika, na ugomvi utakaozuka hautakuwa wa ukorofi bali wa kutokuambizana.

Nami nimeona jambo moja linalonipa tumaini, nalo limo katika karatasi zile zile za mauzo. Watu wauzianapo kiwanja katika viunga vyetu, desturi ni kuandikishana mbele ya uongozi wa mtaa, na katika hati ile majirani huitwa kutia sahihi, wa kaskazini, wa kusini, wa mashariki na wa magharibi, washuhudie kwamba mipaka ndiyo hiyo. Kwa hiyo hata soko, ambalo halina dini, linakiri kwamba mauzo hayatimii pasipo jirani. Kasoro ni kwamba jirani huitwa siku ile tu, akatia sahihi au dole gumba, akapewa soda, akasahauliwa. Msingi unapochimbwa haitwi. Ukuta unapopandishwa haitwi. Na ofisi za ardhi zinapokuja baadaye na mradi wa kurasimisha makazi, mpima akiwa na vifaa vyake na bikoni zake, akiuliza nani atatoa hatua mbili ipatikane barabara, ndipo kila mtu hukimbilia karatasi yake, na waliotia sahihi pamoja husimama kama maadui.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni kazi ya serikali, ambayo ingepima viwanja mapema pasingekuwa na kichochoro. Ni kweli, na serikali haina udhuru kwa kuchelewa. Mji uliojulikana miaka mingi kuwa unakua ungeweza kuchorewa barabara kabla ya watu kuuziana. Walakini mpango wa mji, hata ukija mapema, huweza kuchora njia tu. Hauwezi kumfanya mtu afungue mlango wake wa uani. Tena barabara iliyochorwa na kukosa watu wanaoiheshimu huliwa taratibu, ukuta mmoja ukisogea hatua moja, wa pili ukiufuata, hata ramani ikabaki na barabara ambayo mguu hauioni.

Kwa hiyo, wewe uliyenunua kiwanja Moshono, au Muriet, au Olasiti, au katika kiunga chochote cha mji wowote wa Afrika Mashariki, na ambaye mwezi huu unatafuta fundi wa kujenga ukuta, nakuomba kabla hajachimba msingi uwaite wale wanne waliotia sahihi hati yako, na aliyekuuzia, na anayekaa nyuma yako hata kama ni mpangaji. Msimame pamoja mahali ukuta utakapopita, muulizane maji na makaburi, kisha mpime dhiraa saba za njia, na zikikosekana upande wa jirani uzitoe upande wako. Nawe uliyeuza, nenda ukasimame nao.